Kipandio cha Chini: Historia ya Ulezi wa Wataalamu wa Hali ya Hewa Afrika Mashariki Ikitazamwa kutoka Endiinzi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia njia ambazo vijana wa Afrika Mashariki wameingizwa katika kazi ya sayansi ya hali ya hewa tangu kuundwa kwa huduma ya kikanda mwaka 1929 hadi enzi ya vituo vinavyojiendesha vyenyewe. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo ilikuwa na mlango wa chini, yaani upimaji vituoni, uliowapokea vijana wasio na shahada na kuwalea kazini. Kwamba mlango huo unafungika kimyakimya. Na kwamba utarajali wa vyuo vikuu haujaziba pengo lake. Mfano unaotumika ni eneo la Endiinzi na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni lakini bado si lugha ya vipimo vya mvua.

Mvua moja, majina mengi

Endiinzi ni mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Uganda na Tanzania. Jirani yake ni makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1960, wakati Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda walipohitaji pa kukaa. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, nao wengi wao huelewana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya alikotoka.

Watu hawa wanalima. Sera ya Uganda ya kumpa mkimbizi kipande cha ardhi badala ya kumfungia kambini imesifiwa sana, na kwa haki, lakini kipande cha ardhi ni ahadi inayotimizwa na mvua. Isingiro imo katika ukanda wa wafugaji unaoikata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, nao ni ukanda mkavu kuliko vilima vya Kigezi vilivyo upande wake wa magharibi. Ukame wa mwaka 2016 uliikausha migomba ya wenyeji na maharage ya wakimbizi bila ubaguzi. Tangu misaada ya chakula ipunguzwe katika miaka ya karibuni, kosa la majuma mawili katika kupanda limekuwa kosa la kulala na njaa.

Mkutano wa lugha katika eneo hili una jambo la kumfunza mtafiti wa msamiati wa majira. Msomali huita mvua za kwanza za mwaka Gu na za pili Deyr. Mnyarwanda huziita itumba na umuhindo. Mswahili wa pwani, na Mtanzania aliyesikiliza redio maisha yake yote, husema masika na vuli. Muganda aliyehamia huko kwa biashara ana ttoggo na ddumbi. Majina yote haya yanataja jambo moja la kimaumbile: ukanda wa mvua unaolifuata jua na kuvuka ikweta mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo hayafanani kwa tarehe. Deyr ya Somalia huanza Oktoba, ilhali mvua za pili za Isingiro kwa kawaida huanza Septemba. Anayeingoja Deyr kwa kalenda ya nyumbani kwao anaweza kupanda wakati jirani yake Mnyankole ameshapalilia. Jina la majira ni utabiri uliorithiwa, nao hausafiri vizuri.

Utabiri wa kisayansi, kwa upande wake, hutoka Entebbe na Kampala, na huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Ni kina nani basi, miongoni mwa vijana wanaosoma Endiinzi na Nakivale, wanaoweza siku moja kuwa waandishi wa utabiri huo badala ya wasikilizaji wake tu? Kulijibu swali hili kunahitaji kurudi nyuma karibu miaka mia moja, kwa sababu njia ya kuingia katika kazi hii haikuwa sikuzote kama ilivyo leo.

Taasisi mbili zilizozaliwa pamoja

Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza iliundwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter aliyeletwa kutoka Mauritius. Ndege ndizo zilizoharakisha. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za kutoka Cairo hadi Mwanza, na rubani hawezi kuruka juu ya Ziwa Viktoria bila kujua radi ziko wapi. Lakini kabla ya ndege palikuwa na kahawa, pamba na reli, na kabla ya idara palikuwa na watu wa kujitolea: mapadri katika misheni, maofisa katika boma, wasimamizi wa mashamba na wa stesheni, waliosoma kipima mvua kila asubuhi na kutuma tarakimu kwa posta. Sehemu kubwa ya kazi ya awali ya idara ilikuwa kuzikusanya tarakimu hizo na kuwafundisha waliozituma kupima kwa namna moja.

Miaka hiyohiyo Kiswahili nacho kilikuwa kinatafutiwa idara yake. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi Uganda. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1929, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa huduma ya hali ya hewa, Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga Kiswahili kuingizwa Buganda. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Dar es Salaam, wajumbe wake wakitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Kwa hiyo taasisi mbili za kikanda, moja ya mvua na moja ya maneno, zilianza takriban kwa pamoja na kulihudumia eneo lilelile. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1952 Kamati ya Lugha ilikuwa na makao Nairobi, mji mmoja na idara ya hali ya hewa. Kisha ikahamia Makerere. Pamoja na ujirani huo, kazi zao hazikukutana. Rejista za vituo, fomu na maelekezo vilibaki kwa Kiingereza, na ujumbe wenyewe wa hali ya hewa ulitumwa kwa msimbo wa makundi ya tarakimu tano tano ambao hauna lugha kabisa. Kamati ilikuwa na kamusi za kutunga na vitabu vya shule vya kusahihisha, na hakuna aliyeona kuwa kibanda cha vipimajoto kinaihusu. Ingekuwa kukosa haki kuwalaumu wanakamati kwa jambo ambalo hata miongo mingi ya uhuru haikulitazama kwa makini zaidi.

Malezi ya saa tatu asubuhi

Mvua hupimwa saa tatu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo ni saa 0600 kwa saa za kimataifa. Mahali ambapo kituo ni kikubwa, vipimo vingine huchukuliwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Anayepima hufungua kibanda cheupe chenye mapengo ya kupitisha hewa, kilichobuniwa na Thomas Stevenson wa Uskoti, akasoma kipimajoto kikavu na kile kilichofungwa kitambaa chenye unyevu. Hubadilisha karatasi iliyochomwa na jua chini ya tufe la kioo. Huinamisha macho hadi yawe sawa na uso wa maji kwenye bomba la kipima mvua. Kisha hutazama juu na kukadiria ni sehemu ngapi kati ya nane za anga zimefunikwa na mawingu, ya aina gani, katika kimo gani.

Hili la mwisho halifundishiki kitabuni. Picha za mawingu zipo, na ni nzuri, lakini wingu halikai likapigwa picha lilinganishwe. Kijana hujifunza kwa kusimama karibu na mtu aliyelitazama kwa miaka ishirini, akisahihishwa. Mzee wa kituo humwambia: hilo si la mvua, subiri lile linalopanda nyuma yake. Huo ndio ulezi wenyewe, ingawa hakuna aliyeuita hivyo, wala hakuna aliyeufungulia mfuko wa fedha. Ulikuwa umefumwa ndani ya ratiba ya kazi.

Idara ya Nairobi, ambayo mwaka 1948 iliwekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki na baadaye chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, iliujenga mfumo wake wa watumishi juu ya kazi hii. Mwongozo wa mafunzo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa mwaka 1969 uliwagawa watumishi katika madaraja manne. La nne lilikuwa la wapimaji, waliohitaji elimu ya kawaida, kozi fupi na mazoezi kituoni. La kwanza lilikuwa la wenye shahada. Katikati palikuwa na madaraja mawili ya mafundi na wasaidizi wa utabiri. Taasisi ya mafunzo ya Nairobi, iliyotambuliwa na Shirika hilo kama kituo cha kikanda tangu miaka ya 1960, iliwapokea wanafunzi wa ngazi hizo kutoka nchi nyingi za Afrika, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatoa shahada. Aliyeingia kwa kipandio cha chini aliweza, akiwa na bahati na bidii, kupanda.

Ngazi hiyo haikuwa ya haki kwa wote. Wakati wa ukoloni nafasi za juu zilishikwa na Wazungu, na umahiri wa Mwafrika uliishia kwenye rejista aliyoijaza. David Arthur Davies aliondoka katika ukurugenzi wa Nairobi kwenda Geneva kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 1955, akakaa huko hadi 1979. Wapimaji waliompelekea tarakimu hawakuwa na Geneva yao. Hata hivyo tarakimu zao zimebaki.

Mbarara: kumbukumbu kama ushahidi wa ulezi

Kituo cha Mbarara ndicho mfano bora wa thamani ya kazi hiyo. Mwaka 2011 Henny Osbahr na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maoni ya wakulima wa kusini-magharibi mwa Uganda na vipimo vya kila siku vya mvua na joto tangu miaka ya 1960. Wakulima walisema joto limeongezeka, majira yamevurugika na mvua za Machi hadi Mei haziaminiki tena. Vipimo viliwaunga mkono waziwazi kuhusu joto, na kwa kiasi kidogo kuhusu kutoaminika kwa mvua za kwanza. Lakini havikuonyesha kwamba jumla ya mvua imepungua, wala kwamba tarehe za kuanza na kumalizika kwa majira zimehama kwa kiwango cha kuthibitika.

Matokeo haya yanastahili kusomwa polepole na kila mshauri wa sera. Kama mvua haijapungua lakini mkulima anaona imepungua, basi tatizo linaweza kuwa katika udongo, katika joto linalokausha maji haraka zaidi, katika mashamba yaliyogawanywa hadi kuwa vipande visivyostahimili msimu mmoja mbaya. Dawa yake ni tofauti na dawa ya upungufu wa mvua. Tofauti hiyo haingejulikana bila mtu wa Mbarara aliyeamka na kupima, na mwingine aliyefundishwa naye, na mwingine baada yake, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tena haikuwa miaka ya amani. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na idara ya pamoja ikagawanywa katika idara za kitaifa, kila moja na kile kilichokutwa ndani ya mipaka yake. Nairobi ilibaki na taasisi ya mafunzo. Tanzania iliunda idara yake mwaka 1978 na baadaye ikaendesha chuo chake Kigoma. Uganda ilipata idara bila shule, chini ya utawala wa Idi Amin, na Februari 1979 majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara mji ulikuwa magofu. Mwaka 1982 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika vijiji vya Ankole, wengine wakasukumwa hadi Nakivale na Oruchinga, wengine mpakani. Katika miaka hiyo vituo vingi vya mvua nchini Uganda vilinyamaza, na kumbukumbu za nchi zina mapengo yasiyozibika. Palipovunjika mnyororo wa watu, palivunjika mnyororo wa tarakimu. Shule ya hali ya hewa ya Entebbe na shahada ya Makerere zilikuja baadaye kujenga upya, na sheria ya mwaka 2012 ikaigeuza idara kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Hali ya Hewa ya Uganda.

Upande wa lugha, mgawanyiko wa 1977 ulizaa jambo ambalo umoja haukulizaa. Idara ya Tanzania, ikihudumia taifa linaloendeshwa kwa Kiswahili, ililazimika kusema kwa Kiswahili. Masika na vuli, maneno ya wakulima na mabaharia, yakawa vichwa vya taarifa rasmi za msimu, na maneno kama wastani, chini ya wastani na juu ya wastani yakapata maana ya kitakwimu. Hali ya hewa ikatenganishwa na tabianchi. Neno utabiri lenyewe, ambalo asili yake ya Kiarabu inahusu kufasiri ndoto, likavishwa suti ya kisayansi, ingawa hata sasa msikilizaji akinyeshewa siku aliyoambiwa hapatakuwa na mvua humcheka mtabiri kama anavyomcheka mpiga ramli.

Kutoka uanagenzi hadi utarajali

Kiswahili kina historia yake ya kulea wajuzi wa anga. Katika majahazi ya Bahari ya Hindi mwongoza njia aliyejua nyota na pepo aliitwa mwalimu, neno ambalo Wareno waliokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 walilisikia Malindi na kuliandika kwa namna yao. Aliyejua kusi na kaskazi zinabadilishana lini hakuwa na cheti. Alikuwa na mwalimu wake aliyesafiri naye. Anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi, na Kenya imelifanya neno hilo kuwa la kiserikali kwa vijana wanaofanya mazoezi ya kazi. Tanzania hutenganisha: uanagenzi ni wa fundi, na utarajali ni wa mhitimu anayesubiri kuajiriwa, kama daktari tarajali. Wakongomani wa Nakivale husema staji, kutoka Kifaransa, na Waganda husema tu intanshipu.

Tofauti hizi zinabeba mitazamo. Katika uanagenzi jukumu ni la fundi: mwanagenzi akiharibu, fundi ameaibika. Katika utarajali jukumu limehamia kwa kijana mwenyewe, anayetarajia. Ndivyo mfumo ulivyobadilika pia. Mwanafunzi wa hali ya hewa wa Makerere huenda katika mazoezi ya kazi wakati wa muhula wa mapumziko, kwa majuma machache, katika ofisi ambayo mara nyingi ipo Entebbe au Kampala. Nauli, chumba na chakula ni juu yake na jamaa zake. Kwa aliyezaliwa Kampala hilo ni usumbufu. Kwa aliyezaliwa Endiinzi ni ada ya pili.

Haimaanishi kwamba ulezi umetoweka katika ngazi za juu. Hayati Profesa Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 2020, alifundisha vizazi vya wataalamu waliotawanyika katika idara za ukanda mzima, na kituo cha tabianchi cha IGAD alichokiongoza kimekuwa kikiwakutanisha watabiri wa nchi za Pembe ya Afrika tangu 1998 ili waandae kwa pamoja mwelekeo wa msimu. Mtabiri kijana anayeketi katika mkutano kama huo na kumwona mkubwa wake akibishana na takwimu hujifunza mengi kuliko katika muhula mzima wa darasa. Mradi wa WIMEA-ICT, ulioanza 2013 kwa ufadhili wa Norway, uliwaunganisha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ukasomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu, nao wakaunda vituo vya kupimia vinavyojiendesha, vya bei nafuu, vinavyofaa mazingira ya huku. Hapo mwanafunzi na msimamizi walishika bisibisi pamoja.

Ila mafanikio hayo yana upande wa pili usiosemwa. Kituo kinachojiendesha hakihitaji mtu wa saa tatu asubuhi. Hutuma tarakimu zake kwa simu, hakilali, hakidai mshahara. Kwa mtabiri ni neema. Kwa historia inayosimuliwa hapa ni kuondolewa kwa kipandio cha chini: kazi ile iliyompokea kijana wa kidato cha nne na kumkabidhi kwa mzee wa kituo haipo tena ilipokuwepo, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Anayetaka kuingia sasa aingie kwa shahada, akiwa tayari ana fizikia na hisabati za kidato cha sita, kutoka shule iliyo na maabara na mwalimu wa kuzifundisha.

Mwanafunzi wa Endiinzi na milango aliyobakiwa nayo

Kisheria, mkimbizi nchini Uganda hana hali mbaya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, na elimu ya msingi anaipata sawa na raia. Ufadhili wa DAFI, unaoendeshwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kwa fedha za Ujerumani tangu 1992, umewapeleka wakimbizi wengi vyuoni, na lengo la kimataifa ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2018 Uganda ilizindua mpango wa elimu unaowahusisha wakimbizi na wenyeji pamoja, jambo la busara, kwa kuwa mtoto wa Mnyankole wa Endiinzi na mtoto wa Mkongomani wa Nakivale wanakosa maabara ileile.

Ugumu uko mbele kidogo. Huduma ya hali ya hewa ni kazi ya serikali karibu kila mahali duniani, na ajira ya kudumu serikalini kwa kawaida hudai uraia. Mkimbizi aliyezaliwa Nakivale, ambaye hajawahi kuona nchi anayoandikiwa kuwa yake, anaweza kusomea meteorolojia kwa ufadhili, akafanya utarajali, kisha akasimama mbele ya mlango ambao funguo yake haitolewi na chuo kikuu chochote. Wanaopanga programu za ushauri wa kitaaluma kwa vijana hawa huelekea kulikwepa jambo hili, kwa nia njema ya kutowavunja moyo. Ni nia njema inayomgharimu kijana miaka minne. Mlezi mwaminifu angemwonyesha mapema pia milango isiyodai uraia kwa namna hiyo: utafiti wa vyuo vikuu, bima ya mazao, huduma za taarifa kwa wakulima, mashirika ya misaada yanayohitaji mtu wa kusoma utabiri, taasisi za kikanda.

Mlango wa karibu zaidi, hata hivyo, ni shule yenyewe. Mradi wa TAHMO umekuwa ukiweka vituo vinavyojiendesha katika viwanja vya shule za nchi mbalimbali za Afrika, Uganda ikiwemo, kwa hoja kwamba shule ina ulinzi na ina wanafunzi wa kuzitumia data. Hoja hiyo inaweza kusukumwa mbele. Kipima mvua cha kawaida chenye kipenyo cha milimita 127 ni chombo rahisi, na kikisimikwa kando ya kituo kinachojiendesha, wanafunzi wanaweza kupima kwa mkono saa tatu asubuhi na kulinganisha. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo somo: je, majani yameziba faneli, betri imekufa, au aliyepima amesoma vibaya? Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mtoto aliyebeba maji kutoka bombani anaelewa lita kuliko asilimia. Kwa namna hii kipandio cha chini kingeweza kurudi, si kama ajira, bali kama mahali pa kuanzia palipo na mkubwa wa kusahihisha.

Mkubwa huyo anapatikana. Mbarara ina kituo chenye kumbukumbu ndefu na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na safari kutoka Endiinzi kwenda Mbarara si ya kukodi chumba Kampala. Utarajali wa majuma machache Mbarara, ukilipiwa nauli na chakula tu, ungewafikia vijana ambao wa Entebbe hauwafikii. Na kazi ya kuwapa ipo, tena ni kazi ambayo hakuna wa kuifanya isipokuwa wao.

Kiswahili kimetajwa katika marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wake. Taarifa za msimu za Uganda hutafsiriwa katika lugha kadhaa za wenyeji. Kwa Nakivale tafsiri ya Kiswahili si anasa ya kisiasa; ni njia fupi ya kuwafikia Mkongomani, Mrundi na Msomali kwa pamoja. Lakini haitoshi kuazima taarifa ya Dodoma au Dar es Salaam na kuibandika. Vuli ya Tanzania hutangazwa kwa Oktoba hadi Desemba, na msikilizaji wa Isingiro akiisikia kwa maana hiyo atachelewa kama yule anayeingoja Deyr. Lazima mtu akae na wazee wa kila lugha, awaulize kila jina linaanza kwa ishara gani, upepo upi, ndege yupi, mti upi unaochipua, kisha ayapeleke majibu hayo Mbarara na kuyalinganisha na vipimo vya kila siku tangu miaka ya 1960: mvua za pili zilianza tarehe ngapi mwaka 1997, ngapi 2016, ngapi 2019, na kila jina lingemwambia mkulima apande lini katika kila mwaka huo.

Kijana wa Endiinzi anayejua Runyankole nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani, na aliye na rafiki Msomali wa kumkalimania, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa muhula mmoja wa mapumziko. Anachohitaji ni ruhusa ya kuzisoma rejista, mtu wa kituoni wa kumwonyesha ni safu ipi ya mvua na ni ipi ya mawingu, na nauli ya kwenda na kurudi.